Mzigo Umefika, Siyo Ulioagiza: Mnunuzi wa Mtandaoni Ashike Wapi?

Kila siku boti kutoka Dar es Salaam zinafunga gati Malindi zikiwa na abiria, na pamoja na abiria kuna maboksi madogo yaliyozungushiwa selotepu. Ndani mna simu, spika, paneli ndogo za umeme wa jua, blenda, nguo za harusi, vipuri vya pikipiki. Mengi yamenunuliwa na watu ambao hawajawahi kumwona muuzaji kwa macho. Yakitoka mjini yanapanda gari za shamba, 309 ya Jambiani au 310 ya Makunduchi, na yanashushwa Jozani, Kitogani, Muungoni na kuendelea. Mwenye mzigo anamlipa kondakta nauli ya boksi, anakwenda nalo nyumbani, analifungua. Kuna anayefurahi, na kuna anayebaki analitazama boksi bila kusema neno.

Makala hii tumeiandika kwa ajili ya huyu wa pili. Ni suala ambalo kila tukiligusa hewani wasikilizaji hupiga simu nyingi kuliko muda wa kipindi, na wengi hulimaliza kwa neno moja: matapeli. Matapeli wapo, hilo hatubishi. Lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu matapeli wapo duniani kote, na bado ziko nchi ambako mtu ananunua kitu kwa asiyemjua, anakiona kibovu, na pesa yake inarudi ndani ya wiki chache. Tofauti yetu na wao haiko kwenye tabia za watu peke yake. Iko kwenye swali dogo: pesa ya mnunuzi iko mkononi mwa nani wakati mzigo uko njiani?

Kwetu jibu ni kwamba iko kwa muuzaji, na mara nyingi ameshaitoa kwa wakala. Humo ndimo udhaifu wote wa mnunuzi ulimo, na ndipo tunapotaka kukuonesha pa kushika.

Si kila mzigo mbaya ni utapeli

Tuchukue mfano. Mama mmoja anayelima mwani pwani ya mashariki ameona tangazo la simu kwenye Instagram. Limeandikwa: simu ya mkono wa pili kutoka Dubai, GB 128, betri nzima, shilingi 280,000, mzigo unatumwa Zanzibar. Anatuma pesa. Baada ya siku nne anapata boksi. Yanaweza kutokea mambo matatu tofauti, na watu huyachanganya.

La kwanza, boksi halikuja kabisa, au limekuja na kipande cha sabuni ndani. Huo ni wizi, na pa kwenda ni polisi.

La pili, simu imekuja na inawaka, lakini ni ya GB 32, au kioo kina ufa ambao picha haikuuonesha. Hapa muuzaji amekupa kitu tofauti na alichokitaja. Huenda alikusudia, huenda naye aliuziwa hivyo hivyo Kariakoo. Kwa mnunuzi haki ni ile ile: ulinunua kwa maelezo, na kitu hakilingani na maelezo. Hili ni dai la kibiashara, na linaweza kumalizika kwa kubadilishiwa au kurudishiwa pesa.

La tatu, simu ni ile ile iliyotangazwa, ila wewe ulidhani ni kubwa zaidi, au rangi haikupendezi. Hapa, kama muuzaji hakuahidi kupokea vilivyorudishwa, huna dai lenye nguvu. Unaweza kuomba, na muuzaji mwenye busara anaweza kukubali, lakini ni hisani.

Ukijua uko kwenye lipi, unajua useme nini na kwa nani. Mwenye dai la pili akianza kwa kumwita muuzaji mwizi, anageuza jambo la kuzungumzika kuwa ugomvi, na mara nyingi jibu ni kublokiwa. Mwenye la kwanza akiendelea kubembeleza kwa wiki mbili, anampa mwizi muda wa kutupa laini.

Mnada wa diko na mnada wa simu

Mnada si kitu kigeni kwetu. Nenda Chwaka wavuvi wanaporudi, utamkuta dalali ananadi samaki waliopangwa chini, na wanunuzi wanapandishiana dau. Kelele nyingi, lakini angalia mambo yanayomlinda mnunuzi pale bila hata karatasi. Samaki yuko mbele yake. Anafunua shavu aone kama ni jekundu, anabonyeza nyama. Dalali anajulikana kwao. Mvuvi naye anajulikana, na kesho atarudi diko lile lile. Akiuza samaki walioharibika leo, kesho dau lake litashuka.

Sasa umezuka mnada wa kwenye simu. Muuzaji anaweka picha kwenye ukurasa wake au kundi la WhatsApp, anaandika bei ya kuanzia, watu wanaandika madau chini yake, na anatangaza kuwa mnada unafungwa saa tatu usiku. Wengine wananadi moja kwa moja kwenye video. Dau linapandishwa kama diko, lakini vile vinavyomlinda mnunuzi wa diko havimo. Hushiki kitu. Humjui dalali. Hujui kama wanaoshindana na wewe ni wanunuzi kweli au ni ndugu zake wanaokupandishia bei. Na ile saa ya kufunga imewekwa ili usipate muda wa kuuliza.

Kuna mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliyeandika mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika. Alieleza kwamba pale muuzaji anapoujua ubovu wa kitu na mnunuzi haujui, mnunuzi anaogopa na anatoa bei ndogo. Mwenye gari zuri anaona bei hiyo haimfai, anaondoka sokoni. Wanaobaki ni wenye magari mabovu. Kwa kazi hiyo na nyingine za aina yake alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, pamoja na wenzake wawili. Somo lake linatuhusu moja kwa moja: soko lisilomlinda mnunuzi linamfukuza muuzaji mwaminifu pia. Kijana wa Unguja anayeuza simu nzima mtandaoni naye anaumia, kwa sababu wateja wamekwishaungua kwa wengine.

Na hili si la wanauchumi pekee. Wengi wetu tulifundishwa chuoni, tukiwa wadogo, kisa cha Mtume (S.A.W.) alipoingiza mkono kwenye lundo la nafaka sokoni akakuta chini limelowa, akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione. Katika fiqhi, mnunuzi aliyefichwa aibu ya kitu ana hiari ya kukirudisha. Kosa ni kuuficha ubovu.

Wenzetu walilitatua vipi

Mwezi Septemba 1995, huko California, mtengenezaji programu aitwaye Pierre Omidyar alianzisha mnada kwenye intaneti ambao baadaye uliitwa eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kitochi cha leza kibovu, kwa dola 14.83. Omidyar alishangaa akamwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kuwa hakifanyi kazi. Yule akajibu kuwa anajua. Yeye hukusanya vitochi vya leza vibovu. Biashara ile haikuwa na malalamiko, kwa sababu ubovu ulisemwa.

Lakini watu walipoongezeka, malalamiko yalikuja. Mwaka 1996 eBay ikaanzisha utaratibu wa mnunuzi na muuzaji kuandikiana sifa hadharani, ili mwenye historia mbaya aonekane. Hiyo ilisaidia, haikutosha. Mwishowe ikaja dhamana ya kurudishiwa pesa: kitu kisipolingana na maelezo, mnunuzi anayo nafasi ya siku 30 tangu kupokea mzigo kufungua dai, muuzaji anapewa siku chache kulishughulikia, na asipofanya hivyo kampuni inaamua.

China walipita njia nyingine. Soko la Taobao lilipoanza mwaka 2003, Wachina hawakuaminiana kununua kwa mbali, kama sisi leo. Kampuni mama, Alibaba, ikaanzisha Alipay mwaka 2004. Mnunuzi analipa, lakini pesa haiendi kwa muuzaji. Inakaa kwa mtu wa kati. Muuzaji anaarifiwa kuwa pesa ipo, anatuma mzigo. Mnunuzi akiupokea na kuridhika, ndipo pesa inaachiwa.

Ukitazama vizuri, hicho ni kile kile ambacho wazee wetu walifanya kwa kuweka amana kwa mtu anayeaminiwa na pande zote mbili.

Kwetu pesa inatangulia

Tanzania tulikuwa na Jumia, soko la mtandaoni lililomruhusu mteja kulipa mzigo unapofika. Novemba 2019 lilifunga shughuli zake nchini. Biashara haikufa. Ilihamia kwenye kurasa za Instagram, Facebook, makundi na statasi za WhatsApp. Huko hakuna mtu wa kati. Tangazo liko kwa kampuni moja, malipo yako kwa nyingine, mzigo uko kwa mbeba mizigo, na hakuna hata mmoja kati yao anayewajibika kwa biashara yenyewe.

Malipo yetu ni ya simu: M-Pesa, Airtel Money, Halopesa, Mixx by Yas. Huduma hizi zilibuniwa ili mtu amtumie pesa mtu anayemjua, baba mjini amtumie mama shamba. Kwa kazi hiyo ni nzuri sana. Utaratibu wao wa kurudisha pesa umewekwa kwa aliyekosea namba, na unafaa tu kama pesa bado haijatolewa. Ukimpigia mtoa huduma umwambie simu ilikuja na GB 32 badala ya 128, atakwambia kweli kabisa kuwa pesa ilifika ulikoituma.

Hata hivyo kuna kitu kimoja ambacho malipo ya simu yanakupa na ambacho wengi hawakithamini: alama. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze mwaka 2019, namba iliyopokea pesa ina jina na kitambulisho nyuma yake. Ujumbe wa malipo una jina, saa, kiasi na namba ya muamala. Mwizi anaweza kutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, lakini hata hivyo polisi wana pa kuanzia. Kwa hiyo usiufute ujumbe ule hata kama simu imejaa.

Gari kutoka Japani: mnada wenyewe hasa

Mnada mkubwa wa mtandaoni unaogusa Zanzibar ni wa magari yaliyotumika kutoka Japani. Gari nyingi za abiria na za kubebea watalii tunazopishana nazo barabara ya Jozani zilipitia minada ya huko, na mnunuzi wa hapa alizichagua kwenye simu. Hapa hasara si ya laki mbili, ni ya mamilioni. Na gari ikishafika bandarini huwezi kuirudisha Yokohama kwa gari ya shamba.

Lakini mnada wa Japani una kitu ambacho mnada wetu wa WhatsApp hauna: karatasi ya mnada. Kila gari hukaguliwa kabla ya kunadiwa na kupewa alama. Gari ya alama 4 au 4.5 ni nzuri, 3 imechoka, na herufi R ina maana iliwahi kugongwa au kuharibika na ikatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari utaona herufi: A ni mchubuko, U ni sehemu iliyobonyea, W ni palipotengenezwa na kupakwa rangi, S ni kutu. Namba ikiwa kubwa pembeni ya herufi, tatizo ni kubwa. Mwombe muuzaji karatasi hiyo kabla ya kulipa, na ulinganishe namba ya chasisi iliyomo na ile ya kwenye hati za gari. Linganisha pia kilomita za kwenye karatasi na zile utakazozikuta gari ikifika. Muuzaji anayesema karatasi haipo, au anayekutumia nakala iliyofutwa sehemu, amekujibu.

Chama cha wasafirishaji wa magari yaliyotumika wa Japani, JUMVEA, kina orodha ya wanachama wake na utaratibu wa kushikilia malipo hadi masharti yatimizwe. Kuangalia kama kampuni unayozungumza nayo imo kwenye orodha ni kazi ya dakika tano na bando dogo. Na kumbuka: kodi za forodha hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, ile watu wanayoiita kontrol namba. Mtu akikupigia akasema gari yako imekwama bandarini, umtumie pesa kwenye namba yake binafsi aikomboe, huyo anataka kukuibia.

Mzigo umeshafika na si wenyewe: anza hapa

Kwanza, acha kukitumia. Usiingize laini kwenye simu, usiunganishe paneli kwenye betri ukaitumia wiki nzima. Kila siku unayokitumia, muuzaji anapata hoja kwamba ulikubali au uliharibu mwenyewe.

Pili, kusanya ushahidi kabla hujasema lolote. Piga picha ya skrini ya tangazo lenyewe, maana likifutwa hutalipata tena. Piga picha ya mazungumzo yote, ya ujumbe wa malipo, ya boksi na maandishi yake, na ya kasoro. Kama ni simu, bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 uone ni simu ya aina gani. Utaratibu huu wa TCRA ulikuwa sehemu ya zoezi la kuzima simu bandia, zilizozimwa Juni 2016. Ukijibiwa aina tofauti na iliyoandikwa mgongoni, una ushahidi mzito mkononi.

Tatu, mwandikie muuzaji. Usipige tu, andika, kwa sababu maneno ya simu hupotea. Andika kwa adabu, taja tarehe, kiasi, alichoahidi, kilichofika, unachotaka na lini. Kwa mfano:

"Assalaam alaykum ndugu. Mimi ni mteja wako niliyenunua simu tarehe 3 mwezi huu kwa shilingi 280,000. Risiti ya malipo ninayo. Tangazo lako lilisema GB 128, simu iliyonifikia ni GB 32. Nakutumia picha. Simu sijaitumia. Naomba unibadilishie, au unirudishie pesa yangu na nauli ya mzigo. Nasubiri jibu lako hadi Ijumaa saa kumi jioni. Ahsante."

Ujumbe huo hauna tusi wala kitisho, na una kila kitu ambacho afisa yeyote angeuliza baadaye. Muuzaji wa kweli akiusoma anajua anazungumza na mtu aliyejipanga. Wengi hujibu. Asiyejibu kafunga mlango mwenyewe, na ujumbe wako utashuhudia kuwa ulibisha hodi.

Nne, usirudishe kitu kabla hamjakubaliana kwa maandishi nani analipa nauli na pesa inarudi lini. Kuna waliorudisha simu mbaya wakabaki hawana simu wala pesa. Kama muuzaji yuko Dar es Salaam na una ndugu huko, njia nzuri ni ndugu akabidhi kitu mkononi na pesa irudi hapo hapo.

Tano, jizuie kumwanika muuzaji mtandaoni kwa hasira. Ukweli wenye ushahidi unaweza kuuandika kuwaonya wenzako, lakini ukiweka picha ya mtu ukamwita mwizi, na ikaja kuonekana mzigo ulibadilishwa njiani, kesi inaweza kukugeukia wewe.

Sheria na ofisi

Wapo wanaodhani mazungumzo ya WhatsApp si mkataba. Si kweli. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua makubaliano yaliyofanywa kwa njia ya kielektroniki. Tangazo, ujumbe wako wa kukubali bei na risiti ya malipo, vikiwekwa pamoja, ni ushahidi wa makubaliano.

Kama muuzaji anafanya biashara Zanzibar, ofisi ya kwanza ya malalamiko ni Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, ZFCC, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2018. Kumlinda mtumiaji wa bidhaa ni sehemu ya kazi yake. Kama muuzaji yuko Bara, huko kuna Tume ya Ushindani, FCC, chini ya sheria ya mwaka 2003. Hizi ni ofisi za dai la aina ya pili tuliyoitaja juu, la kitu kisicholingana na maelezo.

Kama hukuletewa kitu kabisa, nenda kituo cha polisi na ushahidi wako. Sheria ya Makosa ya Mtandao, Namba 14 ya mwaka 2015, inatumika Bara na Zanzibar pia, na ulaghai wa kutumia mtandao ni kosa la jinai ndani yake. Ujumbe wa kitapeli wenye namba yake unaweza pia kuutuma bure kwenda 15040, namba ya TCRA, ili namba hiyo ichukuliwe hatua. Na kama muuzaji ni mtu wa visiwani, usimsahau sheha. Hana mamlaka ya kuhukumu biashara, lakini kikao mbele ya sheha wake kimemaliza madeni mengi ambayo yangelala mahakamani.

Tuseme ukweli: kwa kitu cha shilingi 60,000, nauli ya kwenda na kurudi mjini mara tatu na siku tatu za kazi zilizopotea zinaweza kukaribia thamani ya kitu chenyewe. Ndiyo maana watu husema "basi, namwachia Mungu". Na ndiyo maana wauzaji wabaya hupenda wateja wa mbali wenye manunuzi madogo.

Kabla ya kutuma pesa

Kwa kuwa nguvu ya mnunuzi iko kwenye pesa ambayo bado hajaituma, kinga kubwa ni pale.

Sharti la kwanza liwe malipo wakati wa kupokea. Wauzaji wengi wa mjini wanakubali ukikutana nao Darajani, uwashe kitu, ukijaribu, ndipo ulipe. Kama huwezi kwenda, mtume mtu unayemwamini anayekijua kitu hicho. Kijana wa kijijini anayetengeneza simu, ukimpa elfu tano akukagulie, amekuokolea laki mbili.

Muuzaji akikataa, pendekeza nusu kwa nusu: nusu sasa, nusu baada ya mzigo kukaguliwa. Akikataa hata hilo, mwombe akurikodie video fupi ya kitu chenyewe kikiwaka, akitaja jina lako na tarehe ya leo. Aliyenacho kitu ataweza. Aliyechukua picha kwenye ukurasa wa mtu mwingine atakuja na visingizio.

Ukilipa, penda Lipa Namba ya biashara kuliko namba ya mtu binafsi, na kabla hujaweka namba ya siri soma jina linalotokea. Kama duka lina jina moja na pesa inakwenda kwa jina jingine kabisa, simama, uliza. Sote tunazijua zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii". Muuzaji anayebadilisha namba dakika ya mwisho anaimba wimbo huo huo.

Mzigo ukifika, mwambie mtoto akushikie simu arikodi tangu selotepu haijakatwa hadi kitu kinatoka. Video hiyo ya dakika mbili inamaliza ubishi wa nani alibadilisha nini, na inamlinda hata muuzaji mwaminifu. Maana nao wana kilio chao: wapo wateja wanaoagiza kisha hawapokei simu mzigo ukifika, na wapo wanaotumia nguo harusini Jumamosi na kuirudisha Jumatatu wakidai haikuwatosha.

Linalobaki kwa wenye mamlaka

Ushauri huu wote unamtaka mnunuzi awe mpelelezi, mwanasheria na fundi simu kwa pamoja. Haifai iwe hivyo siku zote. Kampuni zetu za simu tayari zinashika pesa za watu, zinajua majina yao na zina mawakala hadi vijijini. Kinachohitajika ni huduma ya kuishikilia pesa kwa siku saba hadi mnunuzi aseme mzigo ni wenyewe, na taratibu za wasimamizi wa fedha zinazoielekeza. China ilifanya hivyo miaka zaidi ya ishirini iliyopita, na soko lao likakua kwa sababu hiyo.

Na kwa upande wa Zanzibar, tunaiuliza ZFCC swali ambalo msikilizaji wa Charawe au Ukongoroni angeliuliza: mtu aliyepata hasara ya shilingi 80,000 anaweza kupeleka malalamiko yake kwa simu, akajibiwa kwa simu, bila kupanda gari? Kama inawezekana, itangazwe kijijini, kwenye mbao za masheha na hewani. Kama bado, basi hapo ndipo pa kuanzia. Sisi tuko tayari kutoa kipindi kizima kwa yeyote wa Tume atakayekuja kulieleza, na simu za studio zitakuwa wazi kwa wasikilizaji.

Mpaka siku hiyo, tangazo likikuvutia usiku na limeandikwa "wa kwanza kulipa ndiye mwenye mali", lala nalo. Asubuhi muombe muuzaji ile video yenye jina lako, kisha ndiyo uamue kuhusu pesa.